Udongo juu, maji chini: beseni na ndoo bila pampu, kwa mimea isiyotaka kuangaliwa kila siku (Arusha na Moshi)

Mleta uzi (Sakina, Arusha)

Wadau, salaam. Maswali kuhusu haidroponiki ya maji ya kina, ile ambayo mizizi huning'inia ndani ya maji yenye virutubisho huku pampu ndogo ikisukuma hewa usiku na mchana, yamekuwa mengi. Ukiyasoma vizuri unaona kwamba wengi wa wanaouliza hawataki kuuza letusi hotelini. Wanataka mimea ya barazani au ya sebuleni ambayo mtu anaweza kuiacha, akaenda msibani Rombo au likizo Tanga, akarudi na kuikuta hai. Kwa hitaji hilo naona maji matupu hayafai, na chungu cha udongo peke yake nacho hakifai. Ninachokitetea katika uzi huu ni kuviunganisha: udongo juu, maji chini, nafasi ya hewa katikati, na pampu isiwepo kabisa.

Nianze na pampu, maana ndiyo inayowashinda watu. Mizizi hupumua, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara elfu kumi polepole kuliko inavyosafiri hewani. Maji ya nyuzi 20 za sentigredi usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo maji yale yale hayawezi kubeba hata miligramu 8. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo ina nafuu ya mwinuko, lakini inaipoteza nafuu hiyo kwenye joto: ndoo iliyokaa juani ikafika nyuzi 30 inabaki na chini ya miligramu 7. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, kabla mizizi haijaanza kuitumia. Umeme ukikatika mchana kutwa, mmea uliozama mizizi yote unaanza kukosa hewa, mizizi inakuwa ya kahawia na yenye utelezi, kisha vimelea vya Pythium, ambavyo hupenda maji ya vuguvugu, vinamalizia kazi.

Njia ya kuondokana na pampu si mpya. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, ambaye katika miaka ya 1930 aliwashangaza watu kwa nyanya alizozikuza juu ya matangi ya maji, hakuwa anaichovya mimea yake majini moja kwa moja. Juu ya tangi aliweka kitanda cha wavu wa waya kilichojazwa vitu laini kama vumbi la mbao na majani makavu, mmea ukasimama humo, na mizizi ikashuka kupitia wavu hadi majini ikiacha sehemu yake ya juu hewani. Baadaye Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alionyesha kwamba ukiyaacha maji yashuke kadiri mmea unavyokunywa, mizizi iliyobaki juu ya maji huzoea kuvuta hewa, na pampu haihitajiki tena. Mfumo ninaoueleza umechukua kitanda cha Gericke na kushuka kwa maji kwa Kratky, ila kitandani unaweka udongo halisi.

Vifaa ni vya kawaida. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri (iliyowahi kubeba dawa ya kuua wadudu usiiguse kabisa) na beseni la plastiki la kina cha sentimita 13 hadi 15, lenye mdomo mpana kuliko ndoo, ili likae juu ya ndoo bila kutumbukia. Toboa kitako cha beseni kwa msumari uliochomwa moto, matundu mengi yenye upana wa kidole kidogo, kisha tandika kipande cha wavu wa nailoni ili udongo usidondoke. Katika matundu matatu au manne pitisha tambi za kitambaa za kunyonya maji, zinazofika karibu na kitako cha ndoo. Watu hupenda kutumia utambi wa jiko la mafuta ya taa, nao kweli unapandisha maji vizuri, lakini ni wa pamba na utaoza. Vipande vya blanketi kuukuu la nailoni hudumu zaidi. Pembeni ya beseni pitisha kipande cha bomba la PVC la inchi moja hadi chini, chenye kifuniko. Hapo ndipo utakapomimina maji na kuingiza kijiti cha kupimia, kwa sababu mizizi ikishashuka hutaweza kuinua beseni bila kuikata.

Tundu moja linasahaulika mno, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Litoboe ubavuni mwa ndoo, sentimita tatu chini ya kitako cha beseni, liwe la kutolea maji yanayozidi. Bila tundu hilo, mvua moja ya masika inaijaza ndoo hadi kwenye udongo, na nafasi ya hewa inatoweka bila wewe kujua.

Wiki za mwanzo mwagilia kwa juu kama kawaida, maana mizizi bado haijafika chini, na ndoo nayo uijaze hadi usawa wa tundu. Mizizi ikishaonekana majini, badilisha mwendo: usiijaze tena ndoo. Subiri kijiti kionyeshe maji yamekaribia kwisha, kisha rudisha nusu tu. Mizizi iliyoota katika ile nafasi ya unyevunyevu imeumbika kwa kupumua, na ukiizamisha ghafla itakufa hewa ikiwa sentimita chache tu juu yake. Wanaosema mfumo huu umewaozeshea mimea, mara nyingi ukiwadodosa utakuta walikuwa wanajaza ndoo kila Jumamosi kwa huruma.

Kwa hesabu ya haraka, ndoo hiyo hubeba takriban lita 10 chini ya tundu. Mmea unaokunywa robo lita kwa siku utakaa nazo siku arobaini.

Mchangiaji wa Rau, Moshi

Mkuu, hongera kwa uzi wenye maelezo. Wasiwasi wangu ni udongo. Udongo wetu wa bustanini ukikaa juu ya utambi unaonyonya maji saa zote si utageuka tope? Mimi huwa ninaweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke upesi. Je, na hapa niweke?

Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu wa Rau, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hapo ndipo mfumo unaposimama au kuanguka.

Kokoto chini hazisaidii. Maji yanaposhuka kwenye udongo laini na kukutana na tabaka lenye mianya mikubwa, hayaingii humo mpaka udongo wa juu yake uloe kabisa, kwa sababu mianya midogo huyashikilia kwa nguvu kuliko mikubwa inavyoweza kuyavuta. Matokeo yake ni kwamba tabaka la tope linabaki palepale, ila umelisogeza juu, karibu zaidi na shina. Dawa ni kubadilisha udongo wenyewe wote, kuanzia juu hadi chini.

Ninyi wa Moshi na sisi wa Arusha tumebahatika kuwa na changarawe nyepesi za volkeno, zile nyekundu au nyeusi zenye vitundu, ambazo watu wanazimwaga barabarani huku wageni wakinunua vitu vya aina hiyo kwa mifuko. Zichekeche ili vumbi litoke, chukua za ukubwa wa punje ya mahindi kushuka chini, na uchanganye sehemu mbili za changarawe, moja ya udongo wa juu na moja ya mboji iliyoiva. Ukiminya konzi ya mchanganyiko huo uliolowa, haipaswi kubaki imeshikana kama tonge. Maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu, ambayo kule kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi hayakosekani, yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya changarawe, ingawa yanaongeza alikali kidogo. Maganda ya kahawa usiyatie yakiwa mabichi, bali yaoze kwanza, maana yakiozea ndani ya beseni yatamnyang'anya mmea naitrojeni.

Tambi nazo zisiwe nyingi. Ukiona uso wa udongo umelowa muda wote na una ukungu wa kijani, ondoa moja au mbili.

Mchangiaji wa Usa River

Naomba niongeze jambo ambalo kwa sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru ni zito. Maji ya chemchemi na visima vingi vya huku yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na kuna vyanzo vya huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Meno ya watu waliokulia hapa ni ushahidi tosha, na ndiyo maana kule Ngurdoto kulianzishwa kituo cha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Kwa mimea, floraidi hupanda na maji hadi kwenye ncha na kingo za majani, na kwa kuwa jani hutoa mvuke tu, floraidi inabaki pale na kuongezeka. Jamii ya Dracaena ndiyo inayoumia zaidi, na humo yumo sale wetu, yule yule ambaye Wachaga humpanda mpakani mwa kihamba (shamba la nyumbani) na kubeba jani lake wanapokwenda kuomba msamaha. Hata maji ambayo mtu anakunywa bila hofu yanaweza kumuunguza ncha. Ndani ya chungu cha kawaida unaweza kumwagilia kwa wingi na kuosha udongo, lakini katika mfumo huu wa ndoo maji hunywewa, floraidi inabaki, unaongeza maji mengine yenye floraidi, na hivyo unairundika mwezi hadi mwezi. Naona ni udhaifu ambao mleta uzi hajaugusa.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe neno kwa neno, na ninakushukuru. Niongezee kwamba kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inakuwa kali zaidi. Mkaa wa mifupa unafanya kazi, lakini kama mtu anao, autumie kwa maji ya watoto wake kabla ya maua.

Jibu la bustani ni bati. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli mwishoni mwa mwaka, zinatupa maji ambayo hayana floraidi wala magadi kwa kiwango cha kuhesabika, na mmea mmoja wa lita 10 kwa mwezi na ushee hauhitaji simtanki kubwa. Yaache mapipa yapitwe na mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati, kisha kinga. Anayetegemea kisima tu achague mimea isiyojali sana, kama vile pothosi, ile ya majani ya moyo yenye mabaka ya njano, au singoniamu. Sale, mimea ya buibui na spathi ziachwe kwa wenye maji ya mvua. Wa Moshi wanaopata maji ya chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida wana nafuu kubwa hapa. Pia, kwa mimea hiyo nyepesi kudhurika, epuka mbolea za superfosfeti, kwa sababu miamba ya fosfeti inayotengenezea mbolea hizo huwa na floraidi ndani yake.

Mchangiaji wa Njiro

Kwa heshima zote, mkuu, naona unachanganya mambo mawili na kupoteza uzuri wa kila moja. Nina matangi ya maji ya kina yenye pampu na betri ya sola, na letusi yangu inakua upesi kuliko ya udongo wowote. Ukiweka udongo juu ya maji umeingiza vijidudu, matope na mayai ya vinzi katika mfumo ambao sifa yake yote ni usafi. Kwa nini mtu asinunue betri tu?

Mleta uzi

Kwa letusi ya kuuza uko sahihi, na singemshauri mtu abomoe matangi yenye betri ili aweke mabeseni. Mazao ya muda mfupi yanayovunwa yote kwa pamoja yanastahili maji safi, vipimo vya kila siku na mtu wa kuyaangalia. Lakini mfumo wako unamdai mwangalizi. Maji matupu hayasamehe: ukizidisha mbolea leo, mizizi inaungua leo, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiyumba asubuhi, kufikia jioni imeshahama tena. Udongo na mboji vina uwezo wa kushikilia kalsiamu, potasiamu na amonia na kuziachia kidogo kidogo, kwa hiyo kosa la mbolea linapunguzwa makali kabla halijafika kwenye mzizi.

Vijidudu unavyoviogopa ndivyo ninavyovitegemea. Udongo ndio jiko, ndoo ni mtungi. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka kupikia ndani ya mtungi. Vinzi vipo kweli, na huvutwa na uso wa udongo ulio mbichi; tandaza sentimita mbili za changarawe kavu juu, vitakosa pa kutagia.

Mchangiaji wa Tengeru

Hapo kwenye jiko na mtungi ndipo ninapotaka ufafanuzi. Mbolea inawekwa wapi? Nina urea na samadi ya kuku nyumbani. Je, naweza kuziyeyusha ndani ya ndoo?

Mleta uzi

Hapana, zote mbili, na sababu zinafanana. Urea haiwi chakula kizuri cha mzizi mpaka bakteria waigeuze kuwa amonia na kisha naitreti, na bakteria hao wanaishi kwenye udongo wenye hewa. Ndani ya ndoo watakuwa wachache, na amonia itakayojikusanya huchoma mizizi. Samadi ikilowekwa majini inaendelea kuoza, na kuoza kunakula ile oksijeni kidogo tuliyoihesabu mwanzoni. Ukifungua bomba na kusikia harufu ya bwawa, mizizi ya chini imeshakufa. Samadi ya kuku iive kwanza kwenye lundo la mboji, ndipo ichanganywe kwenye udongo wa beseni kwa kiasi.

Mimea ya majani ya sebuleni inaweza kuishi muda mrefu kwa mboji hiyo pekee, na kusema kweli, kwa wavivu wenzangu ninashauri waishie hapo. Mwenye mnanaa, spinachi au sukuma wiki anayetaka kuvuna kila mara aweke majini mbolea inayoyeyuka yote, kwa mfano NPK 19-19-19 pamoja na salfeti ya magnesiamu kidogo, kwa nusu ya nguvu inayotumiwa kwenye haidroponiki kamili. Kwa wenye kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa mbolea majini, takriban 0.6 hadi 1.0 mS/cm inatosha. Naitreti ya kalsiamu nayo ni ya muhimu kwetu kwa sababu maji mengi ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, lakini usiichanganye na fosfeti au salfeti kwenye chombo kimoja ikiwa kali, kwani zitagandana na kuwa unga mweupe usioliwa na mmea. Yeyusha moja kwanza ndani ya maji mengi, kisha nyingine.

Halafu kuna magadi. Bikaboneti iliyomo katika maji ya visima vyetu huipandisha pH, na juu ya 6.5 hivi EDTA, kemikali ambayo kwa kawaida ndiyo inayoshikilia chuma katika mbolea za maji, huanza kukiachia chuma hicho, ndipo majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Watu wakiona hivyo huongeza mbolea, wakati njaa hiyo haitokani na upungufu. Ndimu na asidi ya sitriki hushusha pH, lakini bakteria huila ile sitriki na baada ya siku chache pH inarudi ilikokuwa. Asidi ya fosforiki hudumu zaidi. Kuchanganya nusu maji ya mvua na nusu ya kisima ni rahisi kuliko yote, nami ndicho ninachokifanya.

Kwa kuwa tambi hupandisha maji, chumvi nayo hupanda na kubaki juu kama unga mweupe. Mara tatu au nne kwa mwaka, mimina maji mengi ya mvua juu ya beseni mpaka yatoke kwenye tundu la ubavuni, kisha fyonza maji ya ndoo kwa mpira na uanze upya.

Mchangiaji wa Pasua, Moshi

Huku kwetu joto na mbu ndio shida. Ndoo yenye maji ya kusimama barazani si kukaribisha malaria na dengi nyumbani?

Mleta uzi

Itakuwa hivyo kama utaacha hata tundu moja wazi, dada au kaka yangu. Mbu wa dengi hasa ndiye anayependa vyombo vidogo karibu na nyumba, na kutoka yai hadi mbu kamili ni suala la siku nane hadi kumi hivi kwenye joto la Moshi, wakati maji yako yatakaa zaidi ya mwezi. Tundu la ubavuni libandikwe kipande cha chandarua kwa gundi, bomba liwe na kifuniko kinachobana, na pale beseni linapokalia ndoo zungushia mpira wa baiskeli uliokatwa, usibaki mwanya.

Kuhusu joto, paka ndoo rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye na kuotesha mwani, kisha juu yake nyeupe ili isifyonze jua. Iweke upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi tu. Ukiwa Moshi, jaza maji machache kuliko mtu wa Arusha, ili mizizi mingi zaidi ibaki hewani.

Mchangiaji wa Kiboriloni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Babu yangu alikuwa anapanda magimbi pembeni ya mfongo (mfereji wa maji kutoka mlimani), mizizi ndani ya maji yanayopita, na hakuna aliyezungumzia nafasi ya hewa. Je, gimbi linaweza kukaa kwenye beseni hili?

Mleta uzi

Gimbi halihitaji beseni hili, na ukilipanda humo utakuwa umelipunja. Mabua yake yana njia za hewa ndani zinazoshusha oksijeni kutoka kwenye majani hadi mizizini, ndiyo maana linastawi mahali ambapo mahindi yangeoza. Lipande kwenye ndoo moja isiyo na tundu la kitako, udongo mzito wa mfinyanzi na mboji hadi theluthi mbili, maji yasimame sentimita mbili tatu juu yake, na uso wote ufunikwe kwa chandarua kilichokatwa nafasi ya bua. Tofauti iliyopo kati ya ndoo yako na mfongo wa babu ni kwamba yale ya babu yalikuwa yanapita na yalikuwa ya baridi kutoka mlimani. Maji yaliyosimama yakapata joto huozesha kiazi cha gimbi, kwa Pythium hao hao, kwa hiyo liweke kivulini na kila wiki mimina maji mapya mpaka ya zamani yafurike yote.